Mkwaju wa Beseni Jekundu

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, hayo hayo ninayotafunia, kwamba habari hii ni ya kweli tangu utosini hadi kisiginoni. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Nikibainika nimetia chumvi hata punje moja, kahawa ya kijiwe hiki kizima iko juu yangu, na Sadalla muuza kahawa ni shahidi. Na wale mnaopenda mapenzi ya kulialia, ya watu kushikana vidole na kuitana malaika, nendeni kijiwe kingine. Huyu Nirali hakuwahi kumwita mtu malaika. Yeye alimwita mpenzi wake winchi.

"Unapiga mpira kama winchi inayoshusha kontena," alimwambia alasiri ile, juu ya paa la ghorofa lao pale Mchafukoge. "Huo mpira umekukosea nini?"

Rogath alisimama na fimbo ya gofu mkononi, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Kijana mrefu, mabega kama mlango wa ghala, mtoto wa Mama Candida mwenye duka la jumla la mabati na nondo Mtaa wa Msimbazi. Kwa Rogath kila kitu kilikuwa jumla. Alicheka jumla, alikula jumla, na alipoingia kwenye gofu kwa ajili ya msichana aliingia jumla vilevile. Alinunua mkoba wa fimbo unaong'aa kuliko gari la bwana harusi. Alinunua glavu, kofia, viatu vya njumu, na juu ya yote akanunua fimbo kubwa ya kuanzia, ile wanayoiita draiva, kichwa chake kama boga la sikukuu. Kitu kimoja tu hakikuwemo kwenye ununuzi ule, nacho ni akili ya kuitumia.

"Nilitaka ufike," alisema.

"Ufike wapi? Beseni liko pale. Mpira wako umefika kwenye papadi za mama."

Na kweli. Mama yake Nirali, Ranjanben, alikuwa ameanika papadi zake, vile vimkate vyembamba vya dengu, juani upande wa pili wa paa, zimepangwa kwenye shuka kama sahani za wanasesere, na mpira wa Rogath ulikuwa umepita katikati yake kama bodaboda. Ranjanben aliinua kichwa. Tangu aanze kumwona kijana huyu alikuwa hajawahi kumsemesha moja kwa moja. Maneno yote aliyapitisha kwa bintiye, kama mtu anayempa mbwa chakula kwa mti mrefu.

"Nirali, muulize huyo mgeni wako, kwao papadi zinapondwa kabla ya kukaangwa?"

"Samahani mama," Rogath alijibu mwenyewe.

"Nirali, mwambie mimi si mama yake."

Nirali hakumwambia. Alimtazama tu kwa lile jicho lake. Nyie hamlijui. Ni jicho la mtoto aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la vyombo Kariakoo, anayemjua mteja wa kweli na mteja wa kupoteza muda kabla hajafungua mdomo. Jicho hilo likikushukia, unajikuta unakagua zipu yako. Rogath lilikuwa limemshukia miaka miwili nyuma, alipokwenda kununua sufuria moja akaomba bei ya jumla, na tangu siku ile hakuwa na amani. Alirudi kununua sufuria nyingine, na nyingine, mpaka Mama Candida akauliza kama wanafungua hoteli.

Sasa sikilizeni kilichowapeleka juu ya paa.

Baba yake Nirali, Mzee Tulsidas, ambaye bintiye humwita Bapuji, ana desturi yake. Mtu akitaka kufanya naye biashara, yeye haulizi majirani wala haangalii gari aliloshuka nalo. Anampeleka uwanja wa gofu pale mjini, wanacheza mashimo tisa, basi. "Mashimo tisa yanamvua mtu nguo zote," husema. Anatazama mtu akiingia matatani anatokaje, akifurahi anafurahije, na kama husogeza mpira kwa mguu akidhani haonekani. Kariakoo nzima inajua. Wapo wafanyabiashara wakubwa waliojifunza gofu ukubwani, wanalaani jua na nyasi, kwa sababu tu wanataka vyombo vya Tulsidas.

Na yeye mwenyewe? Kizee chembamba, anapiga mpira mfupi kama kikohozi. Lakini kila akikohoa, mpira unalala katikati ya njia, na akifika karibu na shimo anachomoa weji, kile kifimbo kifupi chenye uso uliolala, cha kuupandisha mpira juu na kuudondosha taratibu. Vijana wenye misuli anawaua hapo. Halafu ni mchoyo. Kwenye gofu ya kirafiki, mpira wa mwenzako ukilala jirani kabisa na shimo, unamwambia "okota", yaani umemhesabia ameingiza. Ni adabu ya kawaida. Tulsidas hajawahi kumwambia mtu okota. Hata mpira uwe umebakiza urefu wa njiti ya kiberiti, yeye anaegemea fimbo yake, anasema, "Maliza, bwana, tuone."

Masika yaliyopita alimpeleka Rogath. Walifika shimo la tisa, ambalo mbele yake umekatisha mtaro wa maji. Rogath akachomoa lile boga lake, akapiga. Mtaroni. Akaweka mpira mwingine, mtaroni. Akaweka wa tatu, sasa kwa hasira, akapiga mpaka kofia ikamtoka. Mtaroni, na vyura wakahama.

Tulsidas alifuta fimbo yake kwa kitambaa, akamwambia bila kupandisha sauti: "Kijana, mtu akiingia mtaroni mara moja, huyo ni binadamu. Wewe umeuona, ukaurudia, ukaurudia tena kwa sababu umeudhika. Mtu kama huyo siwezi kumpa sufuria aniuzie. Nimpe binti?"

Yakaishia hapo. Wiki iliyofuata pakaletwa habari za Ketan, mtoto wa wenye duka la vigae Mwanza. Kijana msafi, hanywi, havuti, hasemi. Ikapangwa Jumapili wazazi wake waje kuposa, na makasha ya mithai, vile vitamu vya Kihindi. Nirali aligoma. Aligoma kwa siku nyingi, hapigi kelele, ila chai anaipeleka mezani bila sukari na biashara anaifanya bila kucheka na wateja, mpaka mauzo yakaanza kuumia. Mwishowe baba mtu akasema: "Haya. Jumamosi nitamchukua tena, mara moja tu. Akinishinda, nitakaa na mama yake tuzungumze. Asiponishinda, Jumapili utavaa sari ya kijani na kuwapelekea wageni chai, yenye sukari. Na wewe utanisukumia mkoba kama kawaida, mdomo umefungwa. Nikikusikia hata ukikohoa kwa ajili yake, ameshindwa."

Ndiyo maana Nirali alikuwa juu ya paa. Alikuwa ametandika mkeka, na mbele yake amepanga mabeseni matatu ya dukani. La njano karibu, la bluu mbele kidogo, na jekundu kule mwisho, kwenye tangi la maji.

"Ukipandisha mikono ikaishia kiunoni, mpira unaishia njano," alisema kwa mara ya ngapi sijui. "Ikiishia mbavuni, bluu. Ikifika kifuani, jekundu. Ukivuka kifua nitakutoa hapa kwa ufagio. Kuna kipi kigumu hapo? Wewe si unapima nondo?"

"Nirali, hivi vijimkwaju vya kitoto haviwezi kumshinda baba yako."

"Baba yangu anacheza vipi?"

Rogath akafuta mpira kwa shati.

"Nakuuliza. Amekushinda kwa nini? Kwa hilo boga?"

"Kwa vijimkwaju," alikubali, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Enhe. Kwa hiyo mtoto ni nani?"

Simu ya Rogath ikaita. Alikuwa ameiweka sauti ya nje, na kabla hajaizima, Mama Candida alikuwa tayari amejaa paa zima.

"Rogath! Uko huko kwa Wahindi tena? Wateja wanapanga foleni hapa, wewe unapiga vimpira! Mwanangu, hebu fikiria vizuri. Wale watu hawali nyama. Siku ya harusi mbuzi wa ndafu tutamkatia nani? Tutamchoma kabichi mzima mzima, tumfunge na majani mdomoni?"

Ranjanben, kule kwenye papadi zake, kwa mara ya kwanza alitikisa kichwa kukubaliana na mtu wa ukoo ule.

Nirali akaichukua simu. "Shikamoo mama."

Kisha, kwa tabu, "Marahaba."

"Ndafu mtakata, mama. Mimi nitakaa meza nyingine. Lakini kwanza mwanao aache kupiga mpira kama anafukuza nyani, la sivyo hapatakuwa na harusi ya ndafu wala ya kabichi."

Mama Candida akauliza: "Anakusikiliza?"

"Hanisikilizi."

"Hata mimi hanisikilizi," alisema Mama Candida, na ile sauti ilikuwa imepungua miiba. "Mbane." Akakata.

Ilimuuma Rogath. Mwanaume akiona mama yake na mpenzi wake wameelewana dhidi yake, huhisi ardhi imepungua. Akaweka mpira juu ya mkeka, akamtazama Nirali, akamtazama Ranjanben, akakamata ile weji kama shoka. "Haya, tazameni basi kama mimi ni mtoto."

Akapiga. Mikono ilivuka kifua, ikavuka mabega, ikavuka akili. Mpira uliruka beseni jekundu, ukaruka tangi, ukaruka ukingo wa paa na kupotelea juu ya mabati ya Kariakoo. Wanaojua wanasema haukushuka mpaka Ilala, ukatumbukia ndani ya karai la mafuta la Bi Paskalina muuza maandazi, na Bi Paskalina kwa jinsi alivyo bize akaugeuza, ukaiva, akauuza. Aliyeununua alirudi kulalamika kwamba sukari ni kidogo. Huo ni ukweli mtupu.

Juu ya paa hakuna aliyecheka. Nirali aliokota beseni la njano, akaliweka ndani ya la bluu, akaenda kulifuata jekundu.

"Unafanya nini?"

"Nafunga duka. Nenda, Rogath. Nenda ukatafute mke wa jumla, uwachukue dazeni, mmoja akikuvunjikia unamtupa."

"Kwa hiyo unanidharau."

"Leo ndiyo umejua?"

"Sema wazi."

Aligeuka, mabeseni matatu mikononi, nywele zimemwangukia usoni, macho yamewaka. "Nakudharau, ndiyo. Nadharau hiyo fimbo yako, na kofia yako, na hivyo viatu unavyokuja navyo juu ya paa la watu. Ketan simdharau. Unajua kwa nini? Kwa sababu simfikirii. Nikiamka simkumbuki, nikilala simkumbuki, nikiambiwa amekufa nitauliza Ketan yupi. Wewe nakudharau tangu nafungua duka mpaka nafunga. Nikihesabu sahani nakudharau. Nikila nakudharau, chakula hakishuki. Umefurahi?"

Rogath alimtazama. Alikuwa mzito wa mambo mengi lakini hilo lilimwingia. Fimbo ikamshuka mkononi.

"Baba yako akinitazama," alisema polepole, "najiona kama mzigo uliorudishwa. Kila mara nataka nipige mmoja tu, mkubwa, anyamaze."

"Bapuji hanyamazishwi na kelele. Amezaliwa Kariakoo. Anakaa kimya pale tu anapokosa cha kusema." Sauti yake ilikuwa imelainika, naye akaisikia, akaikaza haraka. "Na hatakosa cha kusema ukiendelea kuitazama bendera kama fisi anayeangalia bucha. Kabla hujapiga, jiulize: nikikosea, mpira utalala wapi? Kama jibu ni mtaroni, usipige huko. Piga mfupi. Uache mpira pale ambapo mkono wako unapajua. Huna haja ya kuujua uwanja mzima. Jua mabeseni matatu."

"Na nikiyajua?"

"Basi nitatafuta kitu kingine cha kukudharaulia."

Walitazamana. Chini kule Kariakoo ilikuwa inapiga kelele zake zote, honi, vipaza sauti, watu wa bei poa, lakini pale juu palikuwa na upepo mdogo na shuka zilizoanikwa, na mwanamke mwenye mabeseni kifuani akingoja mwanaume amwambie yarudishe. Rogath hakusema. Alimpokea mabeseni, akaenda kuyapanga mwenyewe. La njano, la bluu, jekundu. Kisha akavua vile viatu vya njumu, akabaki na soksi.

Ranjanben aliinuka. Nirali akajua sasa wanafukuzwa. Lakini mama mtu alikamata ncha za shuka lake, akaburuta papadi zote mpaka kivulini nyuma ya ngazi, palipo mbali na mipira, ingawa huko jua halifiki.

"Nirali," alisema bila kugeuka, "mwambie kiwiko chake kinatoka nje."

Jumamosi uwanjani upepo wa baharini ulikuwa unaitikisa mivinje. Nirali alisukuma mkoba wa baba yake, mdomo amefunga kama walivyopatana, na macho yake ndiyo yaliyofanya kazi siku hiyo.

Rogath alianza kwa kuamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vyura wamekuulizia."

Hivyo ndivyo alivyokwenda naye. Kila hatua tusi la kistaarabu. Rogath akipiga mfupi katikati ya njia, mzee alisema, "Umeumwa?" Akipiga weji ikatua salama, mzee alisema, "Binti yangu anapiga hivyo akiwa na homa." Kijana alikuwa amekosa usingizi, lakini alikwenda. Kiunoni, mbavuni, kifuani. Kila alipofika penye hatari alisimama, na Nirali aliona midomo yake ikisogea: utalala wapi? Kasoro yake ilikuwa kwenye vile vimkwaju vya mwisho vya kuusukuma mpira shimoni. Alikosa virefu, akakosa vifupi, akakosa kimoja ambacho hata Ranjanben angekiingiza kwa ufagio, na mara zote mzee aliegemea fimbo yake akasema, "Maliza, bwana, tuone."

Hata hivyo walipofika shimo la tisa walikuwa sawasawa. Mshindi wa hapo ndiye mshindi.

Mzee akapiga kikohozi chake, mpira ukalala salama. Rogath akasogea. Ule mtaro ulikuwa kule mbele, unameta kama unamcheka.

"Bwana mdogo," alisema Tulsidas, akijipepea kwa kofia, "hapa ndipo wanaume huchomoa kile kitu chao kikubwa. Au umekiuza?"

Mkono wa Rogath ulikwenda kwenye mkoba. Nirali aliuona ukipita fimbo moja, nyingine, ukaifikia draiva, vidole vikaikumbatia. Aliiona sari ya kijani imekunjwa kitandani. Aliwaona watu wa vigae wakikoroga chai. Hakuruhusiwa hata kukohoa. Basi akamtazama, na katika jicho lile akatia dharau yake yote, ya asubuhi, ya mchana, ya kuhesabu sahani, ya chakula kisichoshuka.

Rogath akageuza shingo kama aliyeguswa. Macho yakakutana. Alikuwa hajawahi kutazamwa na mtu namna ile, na hata leo ukimuuliza atakwambia ndipo alipojua anapendwa.

Akaiacha draiva. Akachukua fimbo ya kati, akapiga mpira wa kawaida, usio na habari. Mzee akapiga tena, akabaki kando ya mtaro. Rogath akapiga wa pili, mfupi makusudi, nao ukasimama karibu na mtaro vilevile. Mzee akachomoa weji, akauvusha mpira, ukatua upande wa pili, hatua kadhaa toka shimoni.

Ikawa zamu ya kijana. Bendera ilikuwa ng'ambo ya maji, umbali ambao Nirali aliutambua kwa mwili wake wote. Ilikuwa toka mkekani hadi kwenye tangi.

Beseni jekundu.

Rogath akavua viatu.

"Sasa huyu anaingia msikitini?" mzee aliuliza.

Rogath hakumsikia. Mikono ikapanda hadi kifuani, haikuvuka, ikashuka. Mpira ukapaa. Jamani, mpira ule ulipaa! Kunguru wa Bongo, wasiomheshimu mtu, walinyamaza. Ukavuka mtaro, ukasita hewani kama uliosahau kitu nyumbani, ukakumbuka, ukashuka wima kama ndoo kisimani na kutumbukia shimoni bila kugusa hata jani moja. Mzee Tulsidas akaanguka magotini, machozi chapachapa, akilia, "Rogath mwanangu! Chukua binti, chukua na duka, chukua na ghorofa!" na nyuma ya mivinje tarumbeta za harusi zikaanza kulia zenyewe...

Nilikuwa nimefika hapo, kijiwe kizima kimya, vikombe vimepoa mikononi mwa watu, niliposikia mtu nyuma yangu.

"Babu."

Niliijua sauti kabla sijageuka. Na lile jicho nililihisi kisogoni.

"Mwanangu Nirali! Hujambo? Nilikuwa nawaambia—"

"Haukuingia."

"Nini?"

"Mpira. Haukuingia shimoni. Na wewe hukuwepo. Jumamosi ile ulikuwa Muheza msibani, ulikuja mwenyewe kumwomba Bapuji mwavuli. Hujaurudisha."

Sadalla muuza kahawa akaanza kugonganisha vikombe vyake, kli, kli, kli, na kijiwe kizima kikanigeukia.

"Ulikuwaje basi?" mmoja akamuuliza.

Nirali akaweka kikapu chini. Hakutaka kusema, lakini mtu akiharibu hadithi ya mwenzake lazima aimalize.

"Ulisimama kando ya shimo, kama kiganja hivi," alisema. "Bapuji akasukuma wake, akakosa, akaingiza mara ya pili. Kwa hiyo Rogath akiingiza ule tu, ameshinda. Kiganja kimoja. Mtoto anaingiza. Lakini nyie hamkuiona mikono yake. Alikuwa anatetemeka mpaka fimbo inagonga kiatu, hapana, hakuwa na viatu, inagonga kidole. Nikajua anakosa. Yeye mwenyewe alijua. Na Bapuji alijua, maana alimtazama muda mrefu. Alikuwa na kazi ya kusema tu, 'Maliza, bwana, tuone,' na mimi Jumapili napeleka chai."

Hata kli kli ya Sadalla ilikuwa imekoma.

"Akainama. Bapuji ana goti bovu, hainami hata noti ikidondoka. Aliinama taratibu, kashikilia fimbo, akauokota ule mpira yeye mwenyewe. Sijawahi kumwona akimwokotea mtu. Akautia mfukoni kwake. Halafu akamwambia Rogath, 'Vaa viatu, unanitia aibu. Mama yako yuko nyumbani saa ngapi?'"

Mimi mwenyewe kwa muda nilikosa uongo wa kuongeza.

"Mpira uko wapi sasa?" Sadalla aliuliza.

"Dukani, kwenye kaunta, karibu na mizani. Mteja akiugusa, Bapuji anamchapa mkono. Anasema ni mali ya mkwe wake, na mkwe wake ni mpumbavu, hajui kutunza vitu." Alisema neno lile mpumbavu kwa utamu ambao msichana mwingine angetumia kusema malaika, akainua kikapu chake. "Haya babu, walipe watu kahawa yao."

Nikalipa. Kila kikombe, na kashata juu, kwa sababu Sadalla alidai kashata ni sehemu ya kiapo. Nilijaribu kusimama kwenye hadhi yangu kidogo.

"Sawa," nikasema, "hapo kwenye shimo nilipitiwa. Lakini lile andazi la mpira, lililoiva likauzwa, hilo siliondoi. Hilo ni kweli tupu."

Nirali alikuwa ameshaanza kuondoka. Aligeuka, akanitazama kwa lile jicho, na pembeni ya mdomo wake kitu kikacheza.

"Hilo kamwambie Bi Paskalina mwenyewe," alisema. "Amekaa nyuma yako tangu ulipoanza kuapa."

Nikalipa na maandazi.